Mjusi Tegu Anayeng'ata: Tiba Huanzia Kizimbani

Mtu anapomleta nyumbani mjusi tegu mchanga, kinachomshtua kwanza ni ukali wake. Mnyama mwenye urefu wa shubiri moja au mbili hupuliza pumzi kwa kishindo, hupigapiga mkia, kisha hukamata kidole cha mtu aliyemlisha muda mfupi uliopita. Ushauri unaomfikia mfugaji mara nyingi ni mmoja: mshike kwa nguvu, usimwachie hata aking'ata, mpaka akubali. Wanaoutoa huamini kuwa wanafuata hekima ya samaki mkunje angali mbichi. Msimamo wa makala haya ni tofauti. Tegu mchanga anayeng'ata anatoa taarifa kuhusu hofu yake, njaa yake au makazi yake. Mfugaji anayetanguliza mkono kabla ya kizimba huhatarisha kidole chake, afya ya watoto wa nyumba hiyo na maisha ya mnyama mwenyewe.

Tegu ni mnyama gani?

Jina lisimchanganye msomaji. Katika Kiswahili cha tiba, tegu ni mnyoo wa utumboni anayeenezwa kwa nyama isiyoiva vizuri. Tegu anayezungumziwa hapa hana uhusiano wowote na mnyoo huyo. Ni mjusi mkubwa wa Amerika ya Kusini, na jina lake limetoka katika lugha za wenyeji wa Brazili, nchi ambayo hadi leo humwita teiú. Anayefugwa zaidi, hasa Marekani, ni tegu mweusi na mweupe wa Argentina, ambaye wanasayansi humwita Salvator merianae. Asili yake ni Argentina, Uruguay, Paraguay na Brazili. Kwa macho ya mtu wa Afrika Mashariki anafanana na kenge: mwili mnene, makucha makali, mkia mrefu na ulimi wenye ncha mbili unaonusa hewa. Hata hivyo, koo zao ni mbili tofauti, na mfanano huo umeletwa na maisha yanayokaribiana, si na undugu wa karibu.

Tegu huanguliwa akiwa na kichwa cha kijani kibichi, rangi ambayo hufifia kadiri anavyokua. Dume aliyekomaa huweza kuzidi urefu wa mita 1.2 akipimwa pamoja na mkia, huwa na uzito wa kilo kadhaa, na akitunzwa vyema huishi miaka 15 hadi 20. Hula wadudu, konokono, mayai, matunda na wanyama wadogo. Majira ya baridi hujichimbia ardhini na kulala kwa miezi. Mwaka 2016 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti wa Glenn Tattersall na wenzake wa Kanada na Brazili ulioonyesha kwamba katika msimu wa kuzaliana, tegu huweza kuuweka mwili wake katika joto linalozidi la mazingira kwa hadi nyuzi 10, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa mjusi. Kwa ufupi, huyu ni mnyama ambaye maisha yake yamejengwa juu ya joto na udongo. Anayemnyima vitu hivyo viwili asistaajabu akikutana na meno.

Jino lina sababu

Meno ya tegu mchanga ni madogo, na jeraha lake aghalabu ni mkwaruzo tu. Ndiyo maana wengi hulipuuza. Lakini taya hukua pamoja na mnyama. Tegu aliyekomaa huvunja magamba ya konokono kwa taya zake, na akikamata kidole cha mtu huweza kukijeruhi vibaya. Tabia inayoachwa iote mizizi katika mwezi wa 3 ndiyo itakayopewa taya hizo katika mwaka wa 3.

Mfugaji hana budi kutofautisha sababu tatu za kung'ata. Ya kwanza ni woga. Porini, tegu mchanga ni chakula cha ndege wawindao, nyoka na wanyama wengine, na kivuli kinachomshukia kutoka juu humaanisha kifo. Mkono unaoingia kizimbani kupitia mfuniko wa juu hauna tofauti na mwewe. Kung'ata kwa woga hutanguliwa na ishara: mwili huvimba, pumzi hutoka kwa kishindo, mkia huanza kuchapa, kinywa hufunguka. Waswahili husema sikio la kenge halisikii mpaka litoke damu. Katika kizimba hiki, mwenye sikio la kenge huwa ni mfugaji, anayesubiri damu imtoke kidoleni ndipo aelewe alichokuwa akiambiwa.

Sababu ya pili ni chakula. Hapa hakuna onyo. Mnyama husogea mbele kwa hamu, ulimi ukitoka na kurudi haraka, kisha huruka na kushika. Mkono wenye harufu ya nyama au yai, au mkono ambao kila ukionekana huwa umeleta mdudu, umekwisha kuwa sehemu ya mlo. Sababu ya tatu ni maumivu na udhaifu: mifupa iliyolegea, ngozi iliyoungua kwa taa iliyowekwa karibu mno, vimelea vya tumboni, au baridi iliyouganza mwili. Mwaka 2010 watafiti wa Brazili walionyesha katika jarida la Animal Behaviour kwamba uamuzi wa tegu wa kukimbia au kupambana hutegemea joto na ukubwa wa mwili wake kwa pamoja. Mfugaji anayeona ukali tu, pasipo kuuliza kipimajoto kinasema nini, ametazama nusu ya mgonjwa.

Sababu hizi tatu hazitibiwi kwa dawa moja. Kumshika kwa nguvu tegu mwenye woga huongeza woga wake. Kumshika tegu mwenye njaa hakupunguzi njaa. Na kumshika tegu aliyevunjika mfupa ni ukatili, hata kama aliyefanya hivyo hakukusudia.

Hoja ya nguvu na udhaifu wake

Wanaotetea kumshika kwa nguvu wasikilizwe kwa haki, kwa kuwa hoja yao ina chembe ya ukweli. Husema kwamba mnyama akigundua kuwa kila aking'ata mkono hutoweka, atang'ata tena. Ni kweli. Husema pia kwamba wamewaona tegu waliotulia baada ya siku chache za kushikwa kwa lazima. Huenda hilo nalo ni kweli.

Lakini ukweli wa kwanza unafundisha kwamba mfugaji asimfikishe mnyama mahali pa kung'ata. Anayesimama pale pumzi inapoanza kutoka kwa kishindo, akauacha mkono pale ulipo bila kuusogeza mbele wala kuurudisha kwa pupa, hamfundishi mnyama kwamba meno yanafaa. Humfundisha kwamba ishara ndogo inatosha. Na ukweli wa pili unahitaji kuchunguzwa. Mjusi anayelegea mkononi na kufumba macho huonekana mtulivu, ilhali huenda ni mnyama aliyeelemewa na msongo. Mnyama aliyejifunza kuwa onyo lake halisikiki anaweza kuacha kuonya. Mfugaji akamsifu kwa upole, mpaka siku atakapong'ata bila dalili yoyote. Aidha, katika mvutano huo mkia wake huweza kukatika, na unaoota upya haurudii umbo la kwanza.

Methali ya samaki inabaki kuwa ya kweli. Kosa liko katika kudhani kwamba kukunja maana yake ni kubana.

Nyumba kabla ya mkono

Maduka mengi humuuza tegu mchanga pamoja na sanduku la kioo dogo, taa moja na matandiko ya vipande vya mbao. Vifaa hivyo humfaa muuzaji kuliko mnunuzi. Kwa miezi ya kwanza, kizimba chenye urefu wa takriban mita 1.2 kinatosha, lakini tegu hukua haraka, na mkubwa huhitaji nafasi isiyopungua mita 2.4 kwa 1.2. Asiye na mahali pa kuweka chumba kidogo cha namna hiyo ndani ya nyumba yake hana mahali pa kumweka tegu, hata kama leo mnyama huyo anaenea kiganjani.

Joto lisiwe sawa kila mahali. Upande mmoja uwe na sehemu ya kuotea ambayo uso wake hufikia nyuzi 40 hadi 45 za selsiasi, na upande wa pili ubaki kwenye nyuzi 24 hadi 27, ili mnyama ajichagulie mwenyewe. Joto lipimwe kwa kipimajoto pale mjusi anapolala, kwani mkono wa binadamu haujui kupima nyuzi. Taa ya joto iwekwe mahali ambapo hawezi kuigusa. Unyevu wa hewa uwe wa juu, takriban asilimia 70 hadi 80, nao hupatikana kwa urahisi zaidi pale udongo unapokuwa mwingi. Udongo huo, uliochanganywa na mboji au majani makavu, uwe na kina cha kutosha kumwezesha mtoto kujifukia mwili wote. Kwa mkubwa, sentimeta 30 ni kiwango cha chini. Yawepo maficho yasiyopungua mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, na chombo cha maji kinachomwezesha kuingia mwili mzima.

Maficho hushangaza wafugaji wapya. Huuliza: mnyama atazoeaje watu ikiwa anajificha siku nzima? Jibu ni kwamba anayejua pa kukimbilia hahitaji kupigana. Tegu asiye na shimo amefungiwa katika uwanja ulio wazi mbele ya kiumbe kinachomzidi ukubwa mara mamia, na silaha iliyobaki ni kinywa. Kwa sababu hiyo hiyo, kizimba chenye mlango wa mbele ni bora kuliko kinachofunguliwa juu: mkono huingia ukionekana, katika kimo cha macho ya mnyama.

Mwanga nao ni tiba. Tegu anahitaji mionzi ya urujuanimno aina ya B ili mwili wake utengeneze vitamini D na kuitumia kalisi ya chakula. Bila mionzi hiyo, au bila kalisi yenyewe, mifupa hulainika, taya hulegea, miguu hupinda na misuli hutetemeka. Madaktari wa binadamu wataitambua hali hiyo mara moja, kwani ni ndugu wa matege ya watoto. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halitoshi, kwa kuwa kioo huizuia mionzi hiyo. Taa maalumu nayo huendelea kung'aa baada ya nguvu yake kupungua, hivyo ibadilishwe kwa muda ulioelekezwa na mtengenezaji, aghalabu kila baada ya miezi 6 hadi 12. Tegu mwenye mifupa inayouma atamng'ata yeyote anayemnyanyua, na hakuna mazoezi yatakayomwondolea maumivu.

Siku za kuzoeana

Kizimba kikiwa tayari, wiki ya kwanza au mbili ziwe za kumwacha. Mfugaji abadilishe maji, aweke chakula, aondoe uchafu, kisha aondoke. Baada ya hapo anaweza kuweka kizimbani kitambaa alichokivaa, ili harufu yake iwe jambo la kila siku, na kuketi karibu akisoma au akifanya kazi zake bila kumtazama mnyama kwa kumkazia macho.

Hatua inayofuata ni mkono uliotulia sakafuni mwa kizimba, bila chakula, kwa dakika chache. Mnyama ataunusa kwa ulimi, pengine ataupanda. Akiondoka, aachwe aondoke. Chakula kitolewe kwa koleo refu au katika sahani, na ikiwezekana mahali pale pale kila siku, ili mkono usichanganywe na mlo. Mikono ioshwe kabla ya kumgusa, isije ikanukia kilichopikwa. Siku atakaponyanyuliwa, anyanyuliwe kwa kupitisha kiganja chini ya kifua na tumbo, miguu yote minne ikipata pa kukanyaga. Asikamatwe kutoka juu wala kuvutwa mkia. Dakika 5 zilizoisha kwa amani zina faida kuliko saa nzima ya mvutano.

Akishika kidole, mfugaji asikivute kwa nguvu, kwani kuvuta ndiko kunakochana ngozi. Amshushe mnyama mahali penye pa kukanyaga na kusubiri aachie. Baada ya hapo asimpige wala kumpulizia usoni. Ajiulize ni ipi kati ya sababu tatu iliyojitokeza. Tegu wengi hutulia katika kipindi cha wiki hadi miezi, lakini kila mmoja kwa mwendo wake, na wako ambao hubaki kuwa wa kutazamwa kuliko kushikwa. Mfugaji anayeshindwa kulikubali jambo hilo huenda alihitaji mnyama mwingine. Na tegu aliyekuwa mpole akabadilika ghafla apelekwe kwa daktari wa wanyama kabla ya kulaumiwa.

Afya ya walio nyumbani

Tegu hana sumu, wala haambukizi kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao ni wa mamalia. Hata hivyo, kinywa chake kina bakteria wengi. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa, na aliyeng'atwa athibitishe kama chanjo yake ya pepopunda bado ina nguvu. Jeraha lenye kina, lililo kwenye kiungo, au linalovimba, kuwa jekundu na kuuma zaidi siku inayofuata lionwe na daktari bila kuchelewa.

Hatari iliyo kubwa kuliko jino haionekani kwa macho. Mijusi, nyoka na kobe wenye afya njema kabisa huweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni na kuwatoa katika kinyesi, kisha wakaenea kwenye ngozi, maji na vyombo vya kizimba. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wa majini wadogo wenye gamba lisilofikia inchi 4, yaani takriban sentimeta 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwaweka mdomoni na kuugua. Mamlaka za afya za nchi hiyo hushauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mzee wa miaka 65 au zaidi, au mtu mwenye kinga dhaifu isifuge mnyama wa jamii hii.

Ushauri huo hupuuzwa kwa urahisi, kwa sababu tegu aliyezoea watu hupendeza sana. Huachwa atembee sebuleni, hulala kwenye kochi, na vyombo vyake huoshewa katika sinki la jikoni. Kumzoesha mnyama kusitafsiriwe kuwa kumsafisha. Vyombo vyake vioshwe mbali na jiko, asibusiwe, na kila aliyemgusa anawe kwa sabuni. Daktari anayempokea mtoto mwenye kuhara na homa aulize ni wanyama gani wapo nyumbani. Swali hilo linafaa pia Afrika Mashariki, ambako tegu hafugwi kwa kawaida lakini kobe hushikwa na watoto, kuanzia nyua za mijini hadi kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambako wageni huwalisha kobe wakubwa kwa mikono.

Mlango wa nyuma

Mnyama aliyeshindikana huenda wapi? Katika jimbo la Florida, tegu waliotoroka au kuachwa wameanzisha makundi yanayozaliana porini, likiwemo la kusini mwa jimbo, karibu na eneo la hifadhi la Everglades. Huko hula mayai ya wanyama wanaotaga ardhini, yakiwemo ya mamba wa huko. Mwaka 2021 jimbo hilo lilimweka tegu katika orodha ya wanyama waliopigwa marufuku, na waliokuwa naye kabla ya hapo wakatakiwa kuwa na kibali na kumwekea alama ya utambulisho mwilini. Jimbo jirani la Georgia nalo limekuwa likiwatega tegu walioonekana katika wilaya zake. Familia zinazozungumza Kiswahili na zinazoishi Marekani, ambazo watoto wao huwaona wanyama hawa madukani na kuwaomba, zifahamu sheria ya jimbo lao kabla ya kulipa.

Bila shaka si kila tegu aliyeachwa aliachwa kwa sababu alimng'ata mtu. Lakini mnyama anayeogopwa na waliomnunua ndiye anayekuwa wa kwanza kutafutiwa mlango wa nyuma, na hofu hiyo huanza katika wiki zile za mwanzo, kwa kizimba kidogo na mkono wenye haraka. Ndiyo maana wajibu usiachwe mabegani mwa mnunuzi peke yake. Muuzaji anayejua kwamba mnyama wa shubiri moja atakuwa wa zaidi ya mita moja ana deni la kulisema hilo kabla ya kupokea fedha, na kumwonyesha mnunuzi kizimba cha mnyama mzima badala ya sanduku la mtoto.

Kwa mwenye tegu mchanga anayeng'ata hivi leo, kazi ya kwanza ni nyepesi kuliko anavyodhani. Aurudishe mkono, achukue kipimajoto, apime kina cha udongo, ahesabu maficho na asome tarehe ya taa. Vikiwa sawa vyote, aketi karibu na kizimba na kusubiri. Mnyama huyu, akijaliwa, atakaa naye kwa miaka 15 au zaidi. Miezi michache ya subira si bei kubwa.